Paka Asiyeweza Kuacha Piano

Katuni ya The Cat Concerto haifiki dakika nane, na kuanzia mwanzo hadi mwisho wake paka Tom hatamki neno. Anaingia jukwaani amevaa koti jeusi lenye mikia nyuma, kifua mbele, uso umenuna kwa maringo ya fundi anayejijua. Anaketi mbele ya piano, anafumba macho nusu na kuanza kupiga Rapsodia ya Pili ya Kihungari ya Franz Liszt. Ndani ya piano, juu ya nyundo zinazogonga nyuzi, panya Jerry amelala. Sauti za kwanza zinamrusha kutoka usingizini.

Mkasa wote ndio huo: paka anataka kumaliza muziki wake, panya anataka kulala, kisha anataka kulipiza. Katuni za paka na panya zimetengenezwa nyingi mno, lakini hii inazipita nyingi kwa sababu walioiunda walijiwekea sharti moja gumu wakalitii mpaka mwisho. Muziki usikatike. Nyumbani Tom humkimbiza Jerry kwa shoka na kikaango, anapasua vyombo na kubomoa kuta. Hapa yuko mbele ya watu, amevaa rasmi, na heshima yake yote iko kwenye vidole vyake. Hawezi kuinuka wala kupiga kelele. Hasira inabidi ipite mle mle ndani ya muziki.

Mtazame Jerry anapopanda juu ya piano na kujifanya kiongozi wa okestra, akipunga mikono kwa kejeli. Tom anamwondoa kwa kidole kimoja na kuendelea, uso haujabadilika. Jerry anachungulia chini ya kibao cha piano, Tom anakibonyeza kibao hicho na kumfinya kwa noti ileile iliyotakiwa kupigwa wakati huo. Halafu inakuja sehemu ambayo mtunzi aliandika noti mbili za jirani zipishane kwa kasi sana. Kwa Liszt ilikuwa pambo la muziki. Katika katuni hii kila mpishano wa noti ni pigo kichwani mwa panya. Anapokimbia chini ya vibao, vinainuka na kushuka mfululizo kama wimbi, na wimbi hilo linasikika. Huwezi kuchomoa kichekesho hata kimoja ukauacha muziki ulivyo, wala kubadilisha muziki ukabaki na kichekesho.

Rapsodia yenyewe inasaidia. Liszt aliitunga mwaka 1847, ikachapishwa 1851, na ina sehemu mbili kuu: ya kwanza ya polepole na nzito, ya pili ya kasi inayozidi kupanda. Sehemu ya polepole inampa Tom nafasi ya kuringa, kuinua mkono taratibu, kuisubiri sauti ififie. Sehemu ya kasi inamnyang'anya nafasi hiyo. Jerry anamfungia vidole kwa kifuniko cha piano, anavizia kidole kwa mkasi, anatega mtego wa panya mahali pa vibao. Kwa sekunde kadhaa Tom anapiga upande huu na upande ule wa mtego bila kuugusa, nasi tunajua kwamba noti ya katikati itafika tu. Ucheshi hapa umo katika kungoja. Methali yetu husema paka akiondoka panya hutawala. Jerry anatawala paka akiwa palepale, kwa kuwa amegundua kitu ambacho paka hawezi kukiacha.

Walioongoza kazi hii ni William Hanna na Joseph Barbera, katika idara ya katuni ya studio ya MGM iliyokuwa Culver City, California. Walikuwa wameanza na paka huyu mwaka 1940, kwenye filamu ya Puss Gets the Boot, ambamo aliitwa Jasper. Barbera alikuwa mwepesi wa kuchora na kubuni vituko. Hanna alikuwa bingwa wa muda: pigo litue lini, kimya kidumu kiasi gani, mshtuko uje baada ya mapigo mangapi. Mtunzi wao, Scott Bradley, hakuuona muziki wa katuni kuwa kazi ya kujaza ukimya. Alikuwa ameshathubutu kutumia mbinu za muziki wa kisasa wa Ulaya katika vichekesho vya paka na panya, na watoto walicheka bila kuuliza.

Uchoraji ulikuwa mikononi mwa Kenneth Muse, Ed Barge na Irven Spence. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, hivyo dakika saba peke yake ni fremu 10,080. Hata pale mchoro mmoja ulipotumika kwa fremu mbili, bado ni maelfu ya karatasi za penseli, zikanakiliwa kwa wino kwenye karatasi za plastiki angavu, zikapakwa rangi kwa mkono na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Katikati ya wingi huo wachoraji waliamua kuipa mikono ya Tom ukweli. Sauti nzito zinapolia, mikono iko kushoto. Nyembamba zinapolia, iko kulia. Mikono ikipishana, inapishana kwa namna ambayo mpiga piano anaitambua. Hadhira ya kawaida isingejua tofauti kama vidole vingechorwa ovyo. Wao waliijua.

Uangalifu huo unaonekana zaidi ukiilinganisha na Rhapsody Rabbit, katuni ya Friz Freleng iliyotoka studio ya Warner Bros mwishoni mwa 1946. Sungura Bugs Bunny anapiga rapsodia hiyohiyo, naye anasumbuliwa na panya. Mfanano ulikuwa mkubwa hata kila studio ikaishuku nyenzake. Ile ya Freleng ni kazi nzuri, lakini Bugs ana njia za kutokea: anaongea, anapokea simu katikati ya onyesho, anacheza na hadhira. Tom amefungwa. Kila anachotendewa lazima akimeze na apige noti inayofuata, na sisi tunaisoma hasira yake kwenye pembe ya jicho, kwenye sharubu, kwenye kidole kilichokaza kuliko inavyohitajika. Machi 1947 The Cat Concerto ilipewa Oscar, ya nne mfululizo kwa Tom na Jerry.

Mwisho wake ni mkali. Uvumilivu unamwisha Tom, anamsukuma Jerry katikati ya nyundo na kupiga kwa ghadhabu. Jerry, aliyegongwa mpaka akachoka, anang'oa nyundo mbili na kuzitwanga nyuzi mwenyewe, akiurudia mwisho wa rapsodia. Tom anahangaika kufuatisha, koti limechanika, nywele zimesimama, hadi anaanguka juu ya vibao. Ukumbi unalipuka kwa makofi, na taa inahamia kwa panya. Tunacheka na kumhurumia kwa pamoja, kwa sababu alikuwa mpiga piano hodari kweli. Angekuwa mbabaishaji tangu mwanzo, kuanguka kwake kusingekuwa na uzito.

Kwa vijana wanaochora katuni leo kwa kompyuta, Nairobi au Dar es Salaam, filamu hii inastahili kutazamwa fremu kwa fremu. Vifaa vimekuwa rahisi, na urahisi huo unashawishi mtu kurundika vituko. Hanna na Barbera walifanya kinyume: paka mmoja, panya mmoja, piano moja, na sharti lisilovunjwa. Chagua kitu ambacho mhusika wako hawezi kukiacha hata aumizwe namna gani, kichore kwa ukweli wote, kisha mlete panya.