Bure na Bahari: Mtazamo wa Kwanza wa Old School RuneScape

Wahenga wamenena kuwa rahisi ni ghali. Ikiwa kilicho rahisi ni ghali, kilicho bure kabisa tukiweke wapi? Swali hili humkabili kila anayeufungua kwa mara ya kwanza mchezo wa Old School RuneScape, mmoja kati ya michezo ya kompyuta ambayo maelfu ya watu huingia kwa pamoja kupitia intaneti, kila mmoja akiwa amevaa uhusika wake katika nchi ya kubuni yenye majoka na wachawi. Mlangoni hatozwi mtu hata senti. Vijana wetu wanaijua michezo ya aina hii. Wahakiki wetu wameipita kimya kana kwamba haimo katika sanaa. Makala haya yanautazama mchezo huu kama tunavyozitazama tendi na riwaya, kwa fani na maudhui yake, na yanautazama katika siku za mwanzo, kabla mazoea hayajatia utandu machoni.

Kwanza nasaba yake. RuneScape ya asili ilitoka Januari 2001, kazi ya ndugu wawili wa Kiingereza, Andrew na Paul Gower, kisha ikalelewa na kampuni ya Jagex ya mjini Cambridge. Iligeuzwa mara nyingi mno, hata wapenzi wake wakaililia sura ya zamani. Mwaka 2013, baada ya kura zaidi ya laki nne kupigwa, kampuni iliifufua nakala iliyohifadhiwa tangu Agosti 2007, na hiyo ndiyo Old School. Tangu 2018 huchezwa pia kwa simu ya mkononi. Umaskini wa picha zake, basi, ni wa makusudi: nyuso za pembepembe, miti kama iliyochongwa kwa panga, bahari iliyotandazwa kama kitambaa cha buluu. Macho huachiwa kazi ya kukamilisha, kama vile sikio la msikilizaji wa ngano linavyoachiwa kuliona zimwi ambalo mtambaji hakulichora.

Wahenga wetu walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni hapewi hata siku moja. Akishuka katika kisiwa cha mafunzo hufundishwa kukata mti, kuwasha moto, kuvua kamba na kuwachoma, kuoka mkate, kuchimba shaba na bati, kuyayeyusha madini hayo na kufua jambia. Vita na uchawi huja baadaye. Mpangilio huu umebeba maudhui ya kazi nzima. Katika tendi zetu nyingi shujaa huingia na upanga tayari kiunoni, nasi hatuambiwi nani aliufua. Huku mfuaji na mpiganaji ni mtu mmoja, na anayetaka kula hana budi avue. Ushairi wa mchezo huu, kama unao, ni ushairi wa kazi za mikono.

Msuko wake nao umeanzia chini vivyo hivyo. Katika mji wa Lumbridge, kisa cha kwanza anachokutana nacho mgeni ni cha mpishi wa ngome aliyesahau viungo vya keki ya siku ya kuzaliwa ya bwana wake. Anahitaji yai, maziwa na unga. Mchezaji humkama ng'ombe, huokota yai bandani, huvuna ngano kondeni, hupanda hadi juu ya kinu kuimimina, kisha hushuka kuukinga unga. Hapana ufalme unaookolewa, keki tu. Msomaji atauliza: ikiwa kila mgeni humwokoa mpishi yuleyule, ushujaa uko wapi? Pembeni yako yupo mwingine, yai mkononi, anasubiri kushukuriwa kwa maneno yaleyale. Kwa mizani ya riwaya hii ni dosari. Kwa mizani ya ngano si dosari, kwani paukwa ya leo usiku ni ile ya jana, na kila mtoto aliyeitikia pakawa amemshinda zimwi kwa nafsi yake.

Lugha ya mchezo ni Kiingereza chenye mzaha mwingi. Mjini Varrock yumo Romeo na yumo Juliet, lakini Romeo huyu ni mpumbavu: hila ya dawa inapotimia na mpenzi wake amelala kaburini, humsahau papo hapo na kuondoka na binamu yake. Sisi tuliozoea kumpokea Shakespeare kwa adabu, katika mavazi aliyovalishwa na Mwalimu Nyerere alipomfasiri, tutashtuka kidogo, kisha tutacheka. Hata hivyo mzaha huu una bei yake. Kila hisia inapokaribia kuwa nzito, mwandishi hukimbilia utani, na kifo hakipati nafasi ya kuuma.

Jambo lililo karibu zaidi na wapenzi wa ushairi ni mazungumzo ya wachezaji wenyewe. Anachokiandika mtu huelea juu ya kichwa chake kwa herufi za manjano, kisha hutoweka. Na akitaka, anaweza kuzifanya herufi zipande na kushuka kama mawimbi. Kauli moja haizidi herufi themanini hivi. Mshororo wa mizani kumi na sita huenea humo na nafasi hubaki. Uwanja wa malumbano, basi, umeshajengwa, na hadhira imo. Lakini kwa sasa unatumika zaidi kutangaza bei na kuombana sarafu.

Na sasa tufike kisiwani. Mgeni akiwa na sarafu 30 anaweza kupanda chombo katika bandari ya Port Sarim, ambako hupigwa muziki wa kibaharia uliotungwa na Ian Taylor na kupendwa hata na wasiocheza, akavuka hadi kisiwa cha Karamja. Sehemu aliyofunguliwa yeye ina volkano na shamba la migomba. Pahala penyewe panaitwa Musa Point. Msomaji wa pwani atadhani amepata jamaa, kumbe Musa ni jina la Kilatini la migomba. Mwenye shamba humwajiri mgeni ajaze sanduku kwa ndizi kumi, ujira wake sarafu 30. Na ofisa wa forodha gatini humpekua asitoroshe pombe ya kisiwani, kisha humtoza nauli ya kuondoka: sarafu 30 zilezile.

Sidhani kwamba watunzi walikusudia satira, lakini wameiandika. Ujira wa sanduku moja ni nauli moja. Anayechuma ndizi hubaki na kile kile alichokuja nacho. Aliyekulia Pemba, akasikia wazee wakisimulia ujira wa kuchuma karafuu kwa pishi, hahitaji maelezo. Walakini kisiwa kimechorwa kwa jicho la anayeshuka melini: shamba, volkano, forodha, ulevi. Ni vivyo hivyo kwa mji wa jangwani wa Al Kharid, ambako kuna lango la ushuru wa sarafu kumi, muuza kababu aitwaye Karim na mwana wa mfalme aitwaye Ali anayengoja kuokolewa. Uarabu huu umeokotwa katika vitabu vya watoto vya Kizungu. Nchi hizi hazidharauliwi waziwazi. Zimetazamwa kwa mbali tu, na huo ndio upungufu mkubwa wa kisanaa katika kazi ambayo kwengineko humtazama hata mpishi kwa karibu.

Turudi kwenye swali la bure. Mchezaji asiyelipa hupewa stadi 15 kati ya 24 na kipande kidogo cha nchi. Stadi ya 24 ni ubaharia. Wachezaji waliichagua kwa kura mwaka 2023 nayo ikatoka Novemba 2025: mtu hujenga chombo chake, huongoza usukani, huvumbua visiwa. Lakini ubaharia ni wa wanaolipa ada, kama ilivyo kwa kura zenyewe. Asiyelipa hubaki abiria wa sarafu 30. Kwa msomaji wa visiwani hili lina uchungu wake, maana bahari kwetu haikupata kuwa na mlango. Na bado kuna uaminifu fulani katika mpaka huu, kwani unaonekana. Kuna michezo mingi ya bure ambayo humvuta mtu kwa bahati nasibu hadi mfuko umtoke bila kujua.

Kuna njia nyingine ya kuuvuka mpaka: kukusanya dhahabu ya mchezo na kununua kwa hiyo hati ya uanachama wa siku 14 ambayo mchezaji mwingine ameilipia fedha halisi. Kwa maneno mengine, asiye na fedha hulipa kwa saa zake. Hapo ndipo bure inapoonesha bei. Daraja la mwisho la stadi yoyote ni la 99, nalo hudai alama 13,034,431; aliyefika daraja la 92, akadhani anaiona pwani, kwa kweli ndiyo kwanza yuko nusu ya safari. Mfumko wa bei ulipoisambaratisha Venezuela, kuanzia mwaka 2017, magazeti yaliripoti watu wa huko waliokaa siku nzima wakivuna dhahabu ya mchezo huu na kuiuza, kinyume cha kanuni zake, ili wapate chakula. Kwao haukuwa tena mchezo. Ulikuwa ni lile sanduku la ndizi.

Hukumu yangu ya mwanzo ni hii. Old School RuneScape ni kazi ya sanaa yenye wazo moja zuri: kwamba mkono unaofua ndio unaostahili upanga. Wazo hilo linamfaa kijana kulionja. Lakini kazi inayoheshimiwa ni ile yenye kikomo, nayo hii haina. Mvuvi wetu hurudi maji yakitoa. Katika nchi hii maji hayatoi, na samaki hawaishi. Anayemruhusu mwanawe kuingia amwekee kipimo cha saa, tena amuulize jioni alivua nini. Na malenga wetu, badala ya kuilaani skrini kutoka barazani, wangeingia humo siku moja, wakasimama sokoni, wakatupa tungo kwa herufi za manjano, waone nani ataitikia.