Kamba ya mzinga haifungwi kiunoni

Utundikaji wa mzinga kule Ntalikwa, hapa Tabora, uliharibika pale kijana alipofika kwenye panda ya mti wa mtundu, akapokea kamba ya mzinga, akaizungusha kiunoni na kupiga fundo. Video mmeiona, imeshapita kwenye simu ya kila mfugaji nyuki wa Tabora. Mzinga ulinasa, ukachomoka, ukamvuta, na hakuanguka kwa sababu kamba yake ya mti ilikuwa bado imelikumbatia shina. Wengi mmemsifu kwa ujasiri. Mimi naona lilikuwa kosa la wazi, na lilianzia chini kabla hajapanda.

Itazameni tena taratibu. Amesimama miguu miwili kwenye tawi, kulabu ya mti inaning'inia begani, na anahitaji mikono yote miwili ili kuitega. Kamba ya mzinga aiweke wapi? Akaifunga mwilini. Naelewa kwa nini, mikono ilikuwa imejaa, lakini tangu hapo alikuwa amefungwa kwenye mzigo kama mbuzi kwenye kigingi. Mzinga ukapanda ukigonga shina, ukanasa chini ya kisiki cha tawi lililokatwa. Wa chini wakausukuma kwa mti mrefu. Hapo ndipo pabaya: ulipoinuliwa kutoka chini, kamba ya juu ililegea, naye hakuivuta kuondoa ulegevu kwa kuwa alikuwa ameinama kwenye kulabu. Ule mti wa kusukumia uliposhindwa, mzinga ulichomoka na kuanguka kwa urefu wote wa ulegevu ule.

Mzigo ulioning'inia na mzigo uliokatishwa ukiwa unaanguka ni vitu viwili. Wa pili hupiga kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na manila zetu za dukani hazinyumbuki kiasi cha kuumeza mshtuko. Wote uliishia nyongani mwake. Angalieni mguu wa kushoto unavyoteleza. Kama angekuwa amefungua kamba ya mti ili ageuke vizuri, jambo ambalo wengi hulifanya wakishafika kwenye panda, tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Namna sahihi haihitaji chombo chochote cha kununua. Kamba inapitishwa juu ya panda nene iliyo juu ya kichwa cha mpandaji, ncha inarudishwa ardhini, na wa chini ndio wanaovuta. Aliye juu anaongoza tu. Kuvuta kunakuwa kugumu zaidi, maana gome linasugua kamba, lakini msuguano huohuo unasaidia mzigo unapotaka kushuka. Na kila wakipata urefu, mwisho wa kamba unazungushwa shina la mti wa jirani. Mzunguko mmoja na nusu unatosha mtu mmoja aliyetulia kuuzuia mzinga uliohitaji watu watatu kuupandisha. Pale Ntalikwa watu walikuwepo. Mmoja alikuwa anashika simu, wawili wanatoa ushauri.

Mzinga wenyewe ni mzuri: umechongwa kwenye gogo la mninga ulioanguka wenyewe, mifuniko imekaa, nta imepakwa. Heri hivyo kuliko kuvua gome la mti mzima na kuuacha ufe umesimama, tabia ambayo sitachoka kuilaani.

Lakini turudi kwenye kamba, maana hili nimelisema miaka mingi. Semina zinafundisha masanduku, mavazi na vifungashio, na fundo halifundishwi popote. Msimamizi mmoja wa mafunzo aliwahi kuniambia kwamba kupanda miti ni mambo ya kizamani. Basi vijana wanaopanda kila Agosti kabla mitundu haijachanua wamfuate nani? Wazee wa Unyamwezi walikuwa na jibu. Wapagazi waliotoka hapa na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo walibeba begani, na mzigo wa begani mtu akiteleza anautupa. Walina asali niliowakuta utotoni walikuwa na akili hiyohiyo: kamba moja ya mtu, nyingine ya mzigo, na hazigusani. Kamba zao za magome ya myombo zilikuwa dhaifu kuliko manila yetu, na wao walikuwa salama kuliko sisi.

Wala kosa la kamba si la vijana wa Ntalikwa peke yao. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walikuwa wanashuka mlima Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia, baada ya kuwa wa kwanza kufika kileleni. Mmoja aliteleza, akawavuta wengine, kamba ikakatika, na wanne wakafa. Edward Whymper, mmoja wa waliosalimika, alipoikagua alikuta ndiyo dhaifu kuliko zote walizopanda nazo. Nzuri zilikuwepo. Hata Ntalikwa kamba ya pili ilikuwepo: inaonekana mwanzoni mwa video, imekunjwa juu ya baiskeli.

Kinachonisumbua sasa ni mavuno. Mzinga ule ulipandishwa mtupu, mchana, bila nyuki. Utashushwa umejaa asali, usiku, kwa moshi, huku nyuki wakimwandama aliye juu, na panda waliyoichagua haina tawi imara juu yake la kupitishia kamba. Kwa hiyo atakayepanda atalazimika tena kuushika yeye. Warudi kabla nyuki hawajahamia, wauteremshe, na wautundike kwenye mtundu mwingine wenye panda mbili, moja ya mzinga na ya juu yake ya kamba.