Kufuma si Kufunga: Uhakiki wa Lugha ya Wauza Mazulia

Kipeperushi kilichosababisha makala haya kina kurasa nne tu, nacho kilitolewa na duka moja la vyombo vya nyumbani mjini Dar es Salaam. Jina la duka hilo halina faida kutajwa, kwa kuwa wengi waandika vivyo hivyo. Katika ukurasa wa pili pana picha ya zulia la rangi ya maziwa na kijivu, na chini yake maneno haya: "Zulia kuukuu la Kiajemi la sufi, limefumwa kwa mkono, rangi zisizoegemea upande wowote."

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu akaaye Mbegani, kusini ya mji wa Bagamoyo, aliyasoma maneno hayo na kuyaamini kama alivyoyaelewa. Akatoa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake, akalitandika zulia sebuleni. Masika ya pili hayajakwisha, akaanza kufagia unga mweupe kila asubuhi. Alipoligeuza zulia aliona kitambaa kigumu kilichobandikwa kwa gundi, na gundi yenyewe ikimomonyoka. Alirudi dukani kulalamika. Jibu alilopewa lilikuwa fupi: limefumwa kwa mkono, hatukusema uwongo.

Jibu hilo ndilo linalotuhusu sisi tushughulikao na istilahi, kwa sababu kwa kiasi fulani ni la kweli. Lugha yetu, kama ilivyotumika katika kipeperushi kile, ilimpa muuzaji mahali pa kujificha. Wala mwandishi wa makala haya hana haki ya kunyoosha kidole kwa wengine tu. Katika orodha ya awali ya majina ya vifaa vya nyumbani niliyoiandaa miaka michache iliyopita, niliandika "zulia lililofumwa kwa mkono" mbele ya aina mbili za mazulia zisizofanana hata kidogo, nikaridhika nikageuza ukurasa.

Tuanze na makosa mepesi. Neno sufi lina maana yake iliyo wazi kwa kila mtu wa pwani: ni pamba ya mti wa msufi, ijazwayo katika mito na magodoro. Manyoya ya kondoo ni sufu. Irabu moja tu yatenga vitu hivi viwili, lakini zulia la sufi halijapata kutengenezwa duniani, wala sidhani litatengenezwa.

Rangi "zisizoegemea upande wowote" ni kichekesho. Mwenye kutafsiri amelichukua neno la lugha nyingine ambalo humo latumika kwa rangi na kwa siasa pia, akalipa zulia sera ya mambo ya nchi za nje. Watu wetu hawana shida na jambo hili. Rangi kali huwaka, na rangi isiyowaka imepoa. Shangazi alipoulizwa kwa nini alilipenda zulia lile alisema, "Rangi yake imepoa, mwanangu, haigombani na mikeka yangu." Rangi zilizopoa, basi, na anayetaka kuzitaja moja moja anazo rangi ya maziwa, kaki, kijivu, hudhurungi na rangi ya ukindu usiotiwa rangi. Hatari kubwa zaidi imo katika maneno "rangi ya asili", ambayo yametumika katika ukurasa wa tatu wa kipeperushi hicho hicho. Yaweza kumaanisha sufu isiyotiwa rangi yoyote, kama alivyoizaa kondoo. Yaweza kumaanisha rangi iliyopatikana katika mizizi na maganda ya mimea. Yaweza pia kumaanisha rangi ya kwanza ya zulia kabla halijafifia. Mazulia mengi yaliyopoa hayakuzaliwa hivyo, bali yalioshwa kwa dawa za kufifisha rangi ili yawafae wanunuzi wa miji mikubwa. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa kama zulia halikutiwa rangi, au lilitiwa kisha likafifishwa.

Kuukuu nalo halifai. Kitu kuukuu ni kitu kilichochakaa. Mtu huvaa nguo kuukuu akienda shamba. Wengine wamependekeza "la kale". Lakini mtu akaaye karibu na Kaole, penye misikiti miwili iliyobomoka na makaburi yenye minara, analijua kale kuwa ni la namna gani, na zulia lililofungwa miaka hamsini iliyopita halimo. Katika biashara ya mazulia ni desturi kutenga lililopita miaka mia na lililo chini ya hapo. Nasi tungeweza kusema la kale kwa lile la kwanza, na la zamani kwa hili la pili. Lipo pia neno la sokoni, mtumba, ambalo ni la kweli kabisa ila latueleza tu kwamba zulia limekwisha kukanyagwa na mtu mwingine, bila kutaja umri wake.

Sasa tufike kwenye kiini. Kufuma ni kupitisha mshindio katika mtande. Maneno haya mawili yamo katika kamusi zetu tangu zamani, ingawa vijana wengi hawayajui: mtande ni nyuzi zilizotandwa juu ya kitanda cha mfumi, na mshindio ni uzi upitao kati yake kukata njia. Pwani hii ilifuma nguo zake yenyewe. Vigurudumu vya kusokotea nyuzi vimefukuliwa Kilwa, na hariri ya Pate ilikuwa na sifa katika karne ya 16. Basi kufuma tunakujua. Zulia la Kiajemi la kweli lina mtande na mshindio, lakini hivyo ni mifupa yake tu. Nyama yake, yaani manyoya tuyakanyagayo, hutokana na vipande vifupi vya uzi ambavyo mfungaji huvizungusha kimoja kimoja katika nyuzi mbili za mtande, akavikata, kisha akavibana safu kwa safu kwa mshindio. Zulia la Ardabil, lililoko katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London, lina tarehe ya mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539-40. Mtande wake ni hariri na manyoya yake ni sufu, na mafundo yake yakadiriwa kufika milioni 26. Kuiita kazi hiyo "kufuma" ni kutaja kiunzi na kuiacha nyumba.

Zulia la shangazi lilitengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Fundi alishika chombo mfano wa bastola, akachomeka nyuzi katika kitambaa kilichokwisha kufumwa kiwandani, akapaka gundi nyuma ili zisitoke, akabandika kitambaa cha pili kuificha gundi. Mkono ulitumika, ndiyo. Fundo halikufungwa hata moja. Kazi ya miezi mingi na kazi ya siku chache zikaingia katika kitenzi kimoja, na bei ya ile ikalipiwa hii.

Mbegani penyewe ndipo nilipopata msaada. Hapo pana chuo cha uvuvi, ambacho leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, na jirani ya shangazi ni mzee aliyeshughulika na nyavu maisha yake yote. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza shida yangu. Akaniambia kwamba kwa watu wa nyavu neno hili si tatizo: zipo nyavu za mafundo na zipo zisizo na mafundo, na hakuna anayezichanganya dukani. Nikafurahi, nikaona istilahi imepatikana: zulia la mafundo.

Lakini mzee hakuniacha nifurahi sana. Nilimchorea jinsi uzi unavyozunguka mtande, akaichukua sindano yake ya kushonea nyavu na kipande cha kamba, akaigiza, kisha akavuta ncha moja. Kamba yote ikatoka. "Hili si fundo, mwanangu," akasema. "Fundo ukilivuta hukaza. Hiki ni kitanzi kilichobanwa."

Kwa mwanafizikia na kwa mvuvi, mzee ana haki. Uzi wa zulia haukazwi wenyewe, bali hushikwa na mshindio na wingi wa wenzake. Nilitafakari kama tuseme "zulia la vitanzi". Nimeliacha, na sababu zangu ni hizi. Waajemi wenyewe, walioishika kazi hii kwa karne nyingi, huita gereh, yaani fundo. Tena vitanzi vitamkumbusha mnunuzi wetu taulo, na zulia la kiwandani ambalo manyoya yake hayakukatwa. La muhimu zaidi ni kwamba istilahi si fasili. Kazi yake ni kumwelekeza mtu kwenye jambo analoweza kulihakikisha kwa macho. Mwambie mnunuzi "zulia la mafundo", naye atalipindua ayatafute mafundo mgongoni, na atayaona safu kwa safu, yakichora nakshi ile ile iliyo usoni. Asipoyaona, akaona kitambaa kilichobandikwa, aliweke chini. Vilevile atatazama matamvua: katika zulia la mafundo matamvua ni ncha za mtande wenyewe, na katika lile jingine yameshonewa kama ukaya. Hili la gundi napendekeza liitwe zulia la kuchomeka. Si jina la kupendeza, na wauzaji hawatalishangilia.

Nadhani pia wakati umefika wa kulirudishia busati kazi. Wakusanyaji kamusi wa karne ya 19 walilieleza kuwa aina ya mkeka uliotengenezwa Maskati. Leo wengi hulitumia sawa na zulia, na hivyo halina kazi maalumu. Lingeweza kushika lile tandiko la nyuzi lililofumwa tu, lisilo na manyoya. Hapo kitenzi kufuma kitakuwa mahali pake.

Nisisahau Kiajemi. Tangu 1935 serikali ya nchi hiyo imetaka mataifa mengine yaiite Iran, lakini katika mazulia jina la zamani halikufa, na sioni haja ya kuliua. Linalokosewa ni kulitumia kwa kila zulia lenye ua katikati na pambizo, hata likitoka katika mashine za nchi nyingine. Hilo ni zulia la nakshi za Kiajemi. Wala tusifuate desturi ya Wazungu ya kuyapa mafundo uraia, wakasema hili la Kituruki na hili la Kiajemi. Mafundi wa Sanandaj, mji ulio ndani ya Iran, kwa desturi hufunga lile liitwalo la Kituruki. Fundo lililozunguka nyuzi zote mbili tuliite fundo pacha, na lililozunguka mmoja na kupita nyuma ya wa pili, fundo la upande.

Maneno ya kipeperushi yangesomeka hivi, kama zulia lenyewe lingekuwa lile lililodaiwa: "Zulia la Kiajemi la mafundo, la zamani, la sufu isiyotiwa rangi." Kwa zulia alilouziwa shangazi yangu yangekuwa: "Zulia la kuchomeka, la nakshi za Kiajemi, la rangi zilizopoa." Orodha yangu ya awali nimekwisha kuisahihisha na kuirudisha kwa wajumbe wa kamati pamoja na pingamizi la mzee wa nyavu, nililoliandika kamili pembeni ya neno fundo.