Maji Yamekwenda Wapi? Kuhukumu Uyoga wa Mvinyo, Cyanzarwe

Tambi na uyoga uliopikwa kwa mvinyo mweupe ni mlo wa nusu saa, na kwa kuwa ni wa haraka watu huudharau. Anayejua kuuhukumu haanzi kwa kuuliza umetiwa viungo gani. Anauliza maji yamekwenda wapi. Uyoga mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90, mvinyo ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na tambi huchemshwa majini zikayanywa. Mpishi amekabidhiwa vitu vitatu vilivyolowa, na ufundi wake ni kujua maji yapi yatoke, yatoke lini, na yapi yaachwe kwa makusudi. Akikosea hapo, hakuna pilipili manga wala kitunguu saumu kitakachomwokoa.

Waitaliano wana upishi wao wa zamani uitwao funghi trifolati: uyoga kwa mafuta, kitunguu saumu na paseli, na mara nyingine mvinyo mweupe kidogo. Hauna nyama, maziwa wala yai. Kwa hiyo asiyekula kitu cha mnyama hapewi hapa mlo uliopunguzwa. Anapewa mlo kamili. Na huku Cyanzarwe, wilayani Rubavu nchini Rwanda, kwenye udongo mweusi wa volkano unaootesha viazi, vitunguu, karoti na kabeji, hilo si jambo la kushangaza mtu. Kaya ngapi hula maharage na viazi wiki nzima bila tone la maziwa, na wala hazijaupa mlo huo jina? Kishawishi kiko kwingine. Jibini la Gishwati liko jirani, la Masisi liko ng'ambo tu ya mpaka wa Kongo, na krimu haikosekani kwenye maduka ya mji wa Gisenyi. Mpishi aliyeharibu sosi huifunika kwa hivyo vitatu na hakuna anayejua. Ukimnyima maziwa, ndipo unapomwona alivyo.

Basi tuanzie sokoni, maana nusu ya hukumu hutolewa huko.

Uyoga utakaoupata kwa urahisi Rubavu ni ule unaoota kwa vishada, rangi ya maziwa au kijivu, kofia yake imeegemea upande mmoja. Tanzania wanauita uyoga mamama. Ukisema ibihumyo sokoni Mbugangari utaonyeshwa huo huo. Kilimo chake kimeenea Rwanda hasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, Wachina walipofungua kituo cha kilimo huko Rubona, wilaya ya Huye, na kufundisha kuuotesha kwa nyasi za juncao. Mkulima mdogo siku hizi hununua imigina, yaani vifurushi vya mabaki ya mimea vilivyokwisha kupandwa mbegu, akaviweka kivulini na kuvimwagia maji kila siku.

Huko kumwagia ndiko penye ujanja. Aliyemwagia muda mfupi kabla ya kuvuna anakuuzia maji kwa bei ya uyoga. Shika kofia moja, iinue kwenye mwanga. Ukingo ukiwa unapenya nuru, rangi yake imefifia kama karatasi iliyodondokewa mafuta, huo umelewa maji. Uyoga mzuri hauonyeshi nuru, umekauka juu, na ukiukunja hupinda kwanza, kisha huchanika kwa urefu wa nyuzi zake. Uliolowa hukatika ovyo ovyo na kuacha ubaridi kwenye vidole.

Kisha tazama ukingo wenyewe. Uwe bado umejikunja chini. Ukishanyooka na kuanza kufanya mawimbi, uyoga umezeeka kwenye mgina, na vumbi jeupe utakaloliona juu ya kofia za chini ni mbegu zilizodondoka kutoka kofia za juu. Si sumu, lakini kofia za namna hiyo ni nyembamba na shina lake ni gumu kama mpira wa kandambili. Harufu nayo isikudanganye: mzuri unanukia unga mbichi, kwa mbali kitu kinachokaribia utamu. Ukisikia shombo, au ule ukali unaopanda puani kama mkojo wa banda, rudisha hata kama umeshalipa.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sijui kama waliotunga sheria ile waliwaza uyoga, lakini waliutendea wema mkubwa. Ndani ya plastiki uyoga hutoka jasho, jasho lile lile likaurudia na kuuozesha. Ndani ya mfuko wa kaki hupumua. Na mfuko wa kaki haufichi siri: ugeuze utazame kitako chake. Pakiwa na doa la unyevu, uyoga huo ulivunwa jana au ulivunwa umelowa.

"Mama, huu wa leo?"

"Wa asubuhi, mteja wangu. Nusa."

Anayekuambia unuse kabla hujaomba, nunua kwake.

Uyoga wa porini uachie wenyeji waliokulia kuuchuma. Baada ya mvua watoto huuleta barabarani, na mwingine ni mtamu kupita huu wote, ila macho ya mgeni hayawezi kuutenga na ule unaoua ini.

Nyumbani usiuoshe kwa kuuloweka. Futa kwa kitambaa, kata kitako kilichoshika uchafu wa mgina, halafu uchane kwa mkono ukifuata nyuzi. Kisu huacha sura laini. Mkono huacha sura yenye mikwaruzo ambayo sosi itaishika. Kwa watu wawili, gramu 400. Humo mna takriban gramu 360 za maji, glasi nzima na nusu. Ukiikumbuka glasi hiyo, huwezi kuurundika uyoga kwenye sufuria nyembamba.

Sasa tambi. Sheria ya Italia tangu mwaka 1967 inataka tambi kavu zitengenezwe kwa ngano ngumu tu, na hizo kavu kwa kawaida hazina yai; zenye yai ni zile pana za kukunjwa kama viota, kwa hiyo soma pakiti. Dukani utazijua nzuri bila kuonja. Rangi yake ni ya manjano iliyopoa, na juu zimepauka kidogo, kama zimepakwa unga. Zinazong'aa sana zimepitishwa kwenye matundu laini, na sosi huteleza juu yake. Za ngano laini, zile za bei ya chini, huyageuza maji kuwa uji kabla hazijaiva, kisha zenyewe zikanata.

Kuna jambo ambalo pakiti haiwezi kukuambia. Dakika zilizoandikwa pale zimepimwa mahali pa chini. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na maji hupungua nyuzi moja ya kuchemka kwa kila mita 300 hivi za kupanda. Gisenyi, ufukweni mwa ziwa hilo, yanachemka kwenye nyuzi 95 takribani, na ukipanda Cyanzarwe ni pungufu zaidi. Pakiti ikisema dakika 9, tegemea 11 au 12. Nimewahi kula hotelini ufukweni tambi zenye kiini kibichi, na mhudumu akanihakikishia kwamba ndivyo Waitaliano wanavyozipenda. Waitaliano wanapenda ziume kidogo, si zikwaruze. Kata moja katikati: ukiona nukta nyeupe ndogo kama ncha ya sindano, zitoe, maana zitamalizia kuiva kwenye sosi. Ukiona duara jeupe, bado.

Chemsha kwa maji machache kuliko ulivyozoea, lita mbili zinatosha gramu 200, ili wanga ukolee. Haya ndiyo maji utakayoyahifadhi. Chota kikombe kabla ya kuchuja. Mpishi anayeyamwaga yote kwenye sinki bila kuchota hata upawa mmoja amekwisha kushindwa, ingawa bado hajui.

Mvinyo ndio unaowasumbua wengi, kwa sababu Gisenyi ni mji wa bia. Bralirwa ilianzishwa hapo mwaka 1957, na mtu huona ni sawa tu kumimina Primus mahali palipoandikwa mvinyo. Si sawa. Uchungu wa bia hautoki kwa moto. Unavyoikausha ndivyo unavyokolea. Urwagwa, ile pombe ya ndizi, nao, kwa heshima zake zote, una unga wa mtama uliouchachusha, hivyo huleta tope na ladha ya chachu, na mvinyo wa ndizi wa chupa mara nyingi ni mtamu mno. Unachotaka ni mvinyo mweupe wa zabibu uliokwisha sukari na wenye ukali wa kutosha. Onja kijiko kimoja: pande za ulimi zikitoa mate, unafaa. Ukihisi asali, unywe, usiupikie. Wa Afrika Kusini umejaa madukani. Ukipata wa Dodoma uliotengenezwa mkavu, nauchagua huo, na si kwa ujirani tu: zabibu za Dodoma zilianzishwa na wamisionari wa Kiitalia pale Bihawana katikati ya karne iliyopita, kwa hiyo mlo utakuwa umerudi kwa wenyewe.

Kwa asiyekula kitu cha mnyama pana suala la ziada. Mvinyo hupitishwa dawa ya kuutuliza ili uwe angavu, na dawa hizo zaweza kuwa ute wa yai, protini ya maziwa, gelatini, au utando mkavu wa kibofu cha samaki, kiungo kile kile ambacho wavuvi wa sangara kule Mwanza wanakiita mabondo. Wengine hutumia udongo wa mfinyanzi, na hao ndio unaowatafuta. Alama, ikiwapo, huwa nyuma ya chupa. Na kwa asiyetumia pombe kwa dini au kwa hiari, asidanganywe kwamba moto huimaliza yote. Kwa mapishi mafupi namna hii sehemu yake hubaki. Ampikie kwa ndimu na siki nyeupe ya zabibu iliyozimuliwa maji, chembe ya sukari juu yake. Itakuwa sahani nyingine, nzuri kwa haki yake.

Kwenye moto, tumia masikio. Kikaango kipana, kikavu, kipate moto kwelikweli. Kama ni jiko la makaa, subiri mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu juu mpaka chini. Tandaza uyoga bila kurundika, bila chumvi, bila kuugeuza geuza. Kwanza utatatarika. Baada ya dakika moja au mbili sauti inashuka, unatokota: ndiyo ile glasi na nusu inatoka. Hapa ndipo wengi huingiwa na hofu na kumwaga mafuta na kitunguu. Acha. Maadamu mna maji, joto la kikaango halipandi juu ya kiwango cha kuchemka, na rangi ya hudhurungi yenye ladha ya nyama haianzi mpaka karibu nyuzi 140. Sauti itarudi kutatarika mara ya pili, kavu na nyembamba kuliko ya kwanza. Sasa mafuta, vijiko viwili vya alizeti. Sasa chumvi. Ugeuze, uache ushike rangi pembeni. Usiogope kuuzidishia dakika. Kuta za uyoga hazilegei kwa moto kama za mboga.

Kitunguu saumu kilichokatwa vipande vyembamba na puwaro (liki) nusu huingia baadaye, kwa sababu sukari zao huungua haraka. Vikilainika, mimina mvinyo, kama mililita 150, na ukwangue chini kwa mwiko: ule ukoko wa kahawia ndio sosi yenyewe. Inamisha uso juu ya kikaango, ukihadhari. Mvuke ukichoma macho, pombe bado ipo nyingi. Ukinukia zabibu na uyoga bila kuchoma, na mwiko ukipita unaacha njia ambayo haijifungi papo hapo, imetosha.

Tambi ziingie zikiwa zinadondoka maji, pamoja na upawa mmoja wa yale uliyochota. Rusha au koroga kwa nguvu dakika nzima. Wanga na mafuta vitashikana na kuwa utelezi mzito usio na krimu hata chembe. Ukikauka ongeza maji kidogo, ukilegea acha moto ufanye kazi. Paseli, pilipili manga, na kama unayo, mafuta ya zeituni kijiko kimoja baada ya kuepua, maana yakipikwa hupoteza harufu uliyoilipia.

Na sahani uliyopikiwa na mwingine? Inamishe kidogo. Sosi ikikimbia peke yake na kuziacha tambi, uyoga ulichemshwa, haukukaangwa. Isipotikisika kabisa na inang'aa kama gundi, imetiwa wanga wa mahindi. Ikiwa nyeupe, mna maziwa, hata kama menyu imeapa. Tafuta kipande cha uyoga chenye ukingo wa hudhurungi, kila kimoja kiwe nao angalau upande mmoja. Sosi iwe kwenye tambi, si chini yake, na ukimaliza kula sahani ibaki na utando mwembamba wa mafuta ambao kipande kimoja cha mkate kinauchukua wote.