Pongezi kwa Watabibu wa Mizizi ya Magego
Watabibu wa meno wanaotibu mifereji ya mizizi, yaani njia nyembamba zilizomo ndani ya mizizi ya jino ambamo hupita mishipa ya damu na neva, wanastahili pongezi za dhati, kwa kuwa mfereji mmoja uliosahaulika hubaki na vijidudu na huweza kuharibu kazi nzima. Gego la kwanza la taya la juu, ambalo kwa kawaida lina mizizi mitatu, mara nyingi huwa na mifereji minne, na huo wa nne ndio unaowaponyoka wengi. Picha ya kawaida ya eksirei huilaza mizizi yote katika bapa moja. Tomografia ya mionzi ya koni, ambayo mashine yake huzunguka kichwa na kompyuta ikaunda taswira ya vipimo vitatu, humwezesha tabibu kulitazama gego tabaka kwa tabaka.

Hata bila mashine hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, katika uchunguzi wa magego ya raia wa Uganda uliochapishwa mwaka 2007, waliyafanya meno yaliyong'olewa yawe maangavu na kuijaza mifereji wino ili njia zake zionekane, kazi ya subira inayostahili heshima kubwa.

Maarifa hayo ya mahali ilipo mifereji yana thamani ya pekee mjini Arua, Uganda, ambako wakazi wa wilaya ya Koboko hufuata hospitali ya rufaa: tabibu asiye na mashine ya tomografia, lakini anayejua mfereji wa nne hujificha wapi, huutafuta kwa kioo, mwanga na sindano nyembamba, na kuliokoa gego ambalo lingeng'olewa.