Hofu, Kinyaa na Ushahidi wa Msomaji: Kuzisoma Upya Katuni za Kutisha za EC

Katika mijadala ya kutunga miongozo ya machapisho, kivumishi "ya kutisha" hutumiwa kana kwamba kinaeleza sifa iliyomo ndani ya kazi yenyewe. Kwa hakika kinaeleza kilichompata msomaji. Hadithi haiwi ya kutisha mpaka apatikane aliyetishika. Kwa hiyo mshauri wa sera anayependekeza kazi fulani izuiwe kwa sababu inatisha ametoa dai kuhusu upokezi, ajue asijue, na dai la aina hiyo hudai ushahidi wa wapokezi wenyewe. Makala hii inalichunguza jambo hilo kwa kurejelea hadithi za katuni za kampuni ya EC ya New York, zilizoanza kutoka mwaka 1950 zikakomeshwa katikati ya muongo huohuo, na ambazo leo husomwa zaidi na watu wazima katika majuzuu ya mkusanyo. Ni nadra mwitiko wa wasomaji wa kazi zinazochukiza kuacha kumbukumbu nyingi kiasi hicho, na kwa maoni yangu kumbukumbu hizo zilisomwa vibaya na washtaki na watetezi kwa pamoja.

Majarida makuu yalikuwa matatu: Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Mchapishaji alikuwa William Gaines na mhariri Al Feldstein. Kila hadithi hufunguliwa na msimulizi mwenye sura mbaya anayemwita msomaji, anamtania, anamwahidi chukizo, kisha anarudi mwishoni kucheka naye. Aliyekulia kwenye ngano zetu hatahitaji kufafanuliwa: huyu ni fanani aijuaye hadhira yake. Kwa istilahi ya Hans Robert Jauss, msimulizi huyo ndiye anayeujenga upeo wa matarajio kabla damu haijamwagika.

Tuchukue "Foul Play!", iliyochorwa na Jack Davis katika The Haunt of Fear namba 19 ya mwaka 1953. Mchezaji wa besiboli anamuua mpinzani wake kwa sumu. Wenzake marehemu wanamvutia muuaji uwanjani usiku, wanamuua, kisha wanacheza mchezo mzima kwa viungo vya mwili wake: matumbo ndiyo mistari ya uwanja, kichwa ndicho mpira. Je, msomaji anaogopa? Sidhani. Muuaji ameshakufa na hakuna tena wa kuhofiwa wala wa kuhofiwa kwa niaba yake. Msomaji anachefuka, na kama amemsikiliza msimulizi, anacheka huku akiona haya kwamba amecheka.

Hapa lugha yetu ina msaada ambao bado hatujautumia ipasavyo. Hofu hutazama mbele: mtu huhofia kitakachotokea. Kinyaa hutazama kilichopo machoni. Mshtuko ni wa dakika, nao hupungua msomaji anapourudia ukurasa. Neno la Kiingereza "horror" huyabeba yote matatu katika kapu moja. Sisi tunapolifasiri kuwa "kutisha" tunabaki na la kwanza tu, kisha tunaliadhibu kwa makosa ya la pili. Sehemu kubwa ya kilichowaudhi wakosoaji wa EC ilikuwa kinyaa. Huenda kinyaa kinastahili kudhibitiwa, lakini hoja za kukidhibiti si zilezile zinazohusu mtoto anayeshindwa kulala kwa hofu.

Mshtaki mkuu alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, ambaye kitabu chake Seduction of the Innocent kilitoka mwaka 1954. Si haki kumchora kama adui wa sanaa tu. Mwaka 1946 alifungua kliniki mtaani Harlem iliyowahudumia Wamarekani Weusi maskini, na utafiti wake ulitumika mahakamani dhidi ya ubaguzi wa rangi shuleni. Alijali. Hata hivyo, nyaraka zake zilipofunguliwa kwa watafiti mwaka 2010, Carol Tilley alizilinganisha na kitabu na, katika makala ya mwaka 2012, akaonyesha kwamba Wertham alibadilisha umri wa baadhi ya watoto, aliunganisha kauli za watu tofauti, na aliacha kutaja mambo mengine yaliyoyatatiza maisha yao. Sauti za wasomaji zilikuwemo, lakini zilikuwa zimehaririwa.

Namna yake ya kusoma ilikuwa na kasoro nyingine, nayo kwangu ni nzito zaidi kwa sababu haihitaji udanganyifu wowote. Mbele ya kamati ndogo ya Seneti, tarehe 21 Aprili 1954, alilalamika kwamba hadithi moja ya EC ilirudia mara 12 tusi dhidi ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Hadithi hiyo ni "The Whipping", ya Shock SuspenStories, jarida ambalo si la kutisha kwa maana finyu. Ndani yake baba mbaguzi anawachochea majirani wavae vinyago na kumcharaza kijana wa Kimeksiko anayependana na binti yake. Gizani wanampiga hadi kufa mtu asiyekusudiwa: ni binti huyohuyo. Kuhesabu tusi bila kuuliza limetiwa kinywani mwa nani na limemfikisha wapi ni takwimu sahihi na usomaji mbovu.

Watetezi nao hawakuwa bora sana. Siku hiyohiyo Gaines alijibu kwa haki kuhusu "The Whipping". Lakini Seneta Estes Kefauver alipomwonyesha jalada lenye mtu aliyeshika shoka na kichwa cha mwanamke kilichokatwa, alisisitiza kwamba halikuvuka mipaka ya adabu kwa jarida la aina hiyo. Lingevuka kama kichwa kingeinuliwa zaidi damu ionekane ikitiririka. Ni jibu la fundi aliyezoea kazi yake mno. Mashabiki wa mikusanyo wanaodai kwamba hadithi hizi zote ni mafunzo ya maadili kwa sababu mwovu huadhibiwa hawajaukabili ukurasa wa mwisho wa "Foul Play!". Adhabu pale ni kibali cha kuonyesha matumbo. Msomaji analijua hilo, na ndiyo maana anacheka.

Viwanda vya katuni vilijiwekea kanuni mwezi Oktoba 1954, zikapiga marufuku hata maneno ya Kiingereza yenye maana ya hofu kuu katika majina ya majarida. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1955 ilikwenda njia nyingine: ilitaja matukio ya kuchukiza au ya kuogofya, ikidai kwamba kazi nzima kwa ujumla wake ndiyo iwe na mwelekeo wa kumpotosha mtoto. Sharti hilo la "kwa ujumla wake" ndilo ningependa warasimu wetu walizingatie, kwani msomaji aliyeonyeshwa fremu moja hajaisoma kazi.

Wasomaji wenyewe waliiandikia kamati ya Seneti kuzitetea katuni zao. Barua hizo nazo zisipokewe bila tahadhari, kwa kuwa EC ilikuwa imewahimiza waandike, na mtu anayeogopa kunyang'anywa kitu hukieleza kwa wema kuliko anavyokihisi. Ushahidi ninaouamini zaidi ungepatikana kwa swali dogo aulizwe msomaji mara mbili, kabla ya ukurasa wa mwisho na baada yake: umeogopa, umechefuka, au umeshtuka? Na kama umecheka, ulimcheka nani?