Dago: Sifa za Kambi Isiyodumu

Anayemsifu mvuvi huanza na samaki aliyemleta. Mimi nataka kumsifu kwa kazi isiyofika sokoni wala kupimwa kwa mizani: kazi ya kusimamisha dago, kulilisha, kulipatanisha na kulivunja msimu ukiisha. Dago ni kambi ya wavuvi waliohama kwao kwa miezi kadhaa kufuata samaki, wakalala ufukweni mwa watu wengine. Katika pwani yetu hakuna wanaojulikana kwa kazi hii kuliko Wakojani, wenyeji wa kisiwa kidogo kilicho mashariki ya Pemba. Utawakuta Tanga, Mafia na Kilwa. Utawakuta Vanga, Shimoni na Malindi upande wa Kenya. Na wengine hushuka kusini hadi Msumbiji. Ukoo wetu nao huenda dago, na nimekaa humo kiasi cha kujua kwamba kuvua ndiyo sehemu yake nyepesi.

Kazi huanza kwa hesabu ya upepo. Kusi, inayovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, huichafua bahari ya nje na kuwafunga wenye vyombo vidogo nyuma ya miamba na visiwa. Kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi kukaribia masika, ni tulivu zaidi: maji hutakata, safari ndefu huwezekana, na madago mengi ya Pemba huvuka kwenda Kenya wakati huo. Ndani ya upepo kuna mwezi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na mikondo huwa mikali. Baina yake ni siku za maji mafu, mikondo inapolegea. Wavuvi wa dagaa wao huhesabu giza, kwani taa huwakusanya dagaa usiku wa giza, na mbaamwezi ikitanda mwanga wa taa haufui dafu, nyavu zikapumzishwa. Kwa hiyo mkuu wa dago hana haja ya kuuliza leo Jumatatu au Jumanne. Kabla hajapakia mchele amekwishajua zipi ni siku za kuvua, zipi za kushona nyavu, na zipi za kuwaruhusu watu wakawaone watoto wao.

Kisha huchaguliwa mahali. Mgeni wa kutembea hupenda mchanga mweupe na minazi. Nahodha huangalia kwanza chombo kitalala wapi maji yakitoka, maana katika bahari yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Mashua iliyofungwa pasipofaa hujikuta juu ya mwamba, na wavuvi wakabaki kuitazama bahari kwa saa nzima nzima hali samaki wanapita. Baada ya chombo huangaliwa maji ya kunywa. Visiwa vingi vinavyofaa kwa uvuvi havina kisima, basi maji husafirishwa kwa madumu, na ufunguo wa madumu hayo, kwa kusema hivyo, uko mkononi mwa mtu mmoja tu. Watu huoga baharini na kujisuuza kwa kopo la maji baridi. Ndipo husafishwa kipande cha mchanga, kikazungushiwa mawe na makombe, na upande wa kaskazini, ulipo kibla, mawe yakapindwa kuwa mihrabu. Huo ndio msikiti wa dago, nao husimama kabla ya kibanda cha nahodha.

Ami yangu, aliyekuwa mkuu wa dago letu, hakuwahi kushusha nyavu kabla ya kwenda kwa mwenyeji. Akienda shehia nyingine Pemba au Unguja alimwona sheha na bwana diko, msimamizi wa bandari ya wavuvi. Akifika bara alimtafuta mwenyekiti wa kijiji. Kenya alikwenda kwa viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe vilivyopewa kanuni zake mwaka 2007. Kila alikokwenda, mkononi alikuwa na barua ya utambulisho kutoka nyumbani. Alieleza idadi ya watu wake, aina ya nyavu na muda wa kukaa, akalipa ushuru uliotakiwa, akauliza miko ya mahali: mwamba gani hauvuliwi, kaburi la nani lisikanyagwe, saa ngapi wanawake huenda kuokota pweza. Chombo cha kwanza kikirudi, wazee wa kijiji walipata kitoweo kabla mchuuzi hajaitwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: dago linaloheshimiwa ni lile linaloitimiza methali hii kwa vitendo.

Ndani ya kambi, cheo kinachodharauliwa ndicho kinachobeba wote. Mpishi mara nyingi ni kijana asiyeaminiwa bado usukani. Yeye huamka kabla ya alfajiri kuchemsha chai, huchota, hutafuta kuni, hupika wali au ugali na mchuzi, tena anajua ni nani amerudi na homa na ni nani hakula kwa hasira. Ugomvi mwingi wa dago huanzia kwenye sinia. Wanaume waliolala bega kwa bega, wakavuta kamba moja usiku kucha na kurudi bila kitu, hawagombani juu ya bahari. Hugombana juu ya kipande cha samaki. Kwa sababu hiyo ami aliniambia, “Mwanangu, hesabu mchele kabla ya nyavu.” Katika baadhi ya madago wake huandamana na waume zao, na hapo kambi hubadilika sura: pana vitumbua asubuhi, pana samaki wa kukaanga wa kuuza, pana mtu wa kuutazama mwenendo wa vijana.

Samaki akifika pwani, saa huanza kukimbia. Palipo na barafu na gari, changu na kolekole huuzwa wabichi. Pasipo na hayo, kisu ndicho huokoa msimu. Samaki hupasuliwa mgongoni, akatandazwa, akapakwa chumvi na kuanikwa juani hadi awe ng'onda. Dagaa huchemshwa katika maji ya chumvi kisha huanikwa, na wale wa Unguja leo hununuliwa na wafanyabiashara wanaowapeleka hadi Kongo. Chumvi ikipungua samaki hutoa harufu. Ikizidi mnunuzi hupunguza bei. Mvua ya ghafla ikimkuta nje, kazi ya usiku mzima huoza. Mkono unaojua kipimo hicho haujasoma popote, lakini hukosea mara chache.

Halafu huja hesabu ya fedha, na hapa ndipo ukoo hupimwa. Kwanza hutolewa gharama: mafuta, chakula, chumvi, ushuru. Kinachobaki hugawiwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la wavuvi. Viwango hutofautiana baina ya dago na dago, ila sharti ni moja, kwamba hesabu isomwe mbele ya wote na mpishi awepo. Nahodha ambaye ni baba wa mmoja na mjomba wa mwingine ana kila sababu ya kupendelea. Dago la ukoo likidumu miaka mingi, ujue kuna mtu aliyekataa kumzidishia mwanawe.

Sisemi kwamba madago yote ni mema. Yapo yaliyofika na nyavu za matundu madogo au majuya ya kukokota, yakasomba hata wachanga, yakaondoka na kuwaachia wenyeji miamba mitupu. Malalamiko ya wenyeji yana msingi. Kenya ilipiga marufuku juya mwaka 2001, na Mafia ina Hifadhi ya Bahari tangu 1995, yenye maeneo ambayo mgeni na mwenyeji wote huyapisha. Lakini sheria inayomwona kila mhamaji kuwa mwizi hukosea pia. Uhamaji huu una maana yake: mvuvi anapoifuata kaskazi mbali na kwao, miamba ya kwao hupata nafasi ya kupumua, na kijiji kinachompokea hupata samaki, fedha na mbinu mpya.

Mwisho wa msimu kuna kazi ya kuvunja. Makuti na nguzo zinazofaa hukabidhiwa mwenyeji, jalala hufukiwa, vipande vya nyavu hukusanywa visije vikaendelea kuua samaki bila mwenyewe. Chombo hukalafatiwa, ubao hupakwa sifa ya papa kwa wanaofuata desturi ya zamani. Madeni hulipwa dukani. Nahodha hurudi kwa sheha au mwenyekiti kuaga na kuomba radhi, kwa kuwa jina atakaloliacha ndilo litakalompokea mwakani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wanaoandika kanuni za uvuvi wawaite wakuu wa madago mezani, wasiwaite polisi pekee, kwani hawa wana elimu ya kupanga watu, upepo na maji isiyopatikana katika ofisi yoyote. Na vijana wa Kojani wanaorithi mashine na taa za kisasa wasirithi vyombo peke yake. Warithi na barua ya utambulisho, kitoweo cha mwenyeji na hesabu inayosomwa mbele ya mpishi. Mashine huwafikisha watu mbali. Adabu ndiyo inayowaruhusu kurudi tena.